Unga wa Wajane

Tafakari ya juma. Masomo: 1 Wafalme 17:8–16; Luka 12:13–21



Ukitoka Dayton kuelekea mashariki, mwendo wa kama nusu saa kwa gari katikati ya mashamba ya mahindi na soya, unaingia Yellow Springs, kijiji cha kaunti ya Greene hapa hapa Ohio. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu takriban 3,700. Wengi wetu tumewahi kufika. Watoto wetu wanakijua kwa aiskrimu ya Young's, lile shamba la ng'ombe wa Jersey lililo kaskazini kidogo mwa kijiji. Vijana wanakijua kwa baiskeli, kwa kuwa njia ya Little Miami, iliyotandazwa mahali palipopita reli zamani, inakata kijiji na kuendelea zaidi ya kilomita 100 kati ya Springfield na viunga vya Cincinnati. Wapenda magulio wanakijua kwa zile Jumamosi za Juni na Oktoba ambapo barabara kuu ya Xenia Avenue hufungwa, magari yakakaa nje, na wachuuzi wakapanga meza zao mwanzo hadi mwisho.

Injili ya Jumapili hii inatupa mtu anayetoka katikati ya umati na kumwomba Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Yesu anakataa kuwa mgawaji wao. Badala yake anawasimulia habari za tajiri ambaye shamba lake lilizaa hata ghala zikawa hazitoshi, naye akakaa kupanga kuzibomoa na kujenga nyingine kubwa zaidi. Usiku ule ule roho yake ikatakwa, na Mungu akamwuliza mali ile sasa itakwenda kwa nani. Habari inaishia hapo. Tajiri hajibu. Nadhani Bwana aliliacha swali bila jibu makusudi, ili kila anayesikia alijibu kwa mali yake mwenyewe.

Nawapeleka Yellow Springs kwa sababu hiyo. Karibu kila kitu kizuri ambacho watu husafiri kwenda kukitazama kule kilitolewa na mtu fulani, kwa wosia au kwa hati, na kila mmoja wa watu hao alilijibu lile swali kwa namna yake.

Chukueni ule msitu. Glen Helen ni bonde la ekari 1,000 hivi upande wa mashariki wa kijiji, jirani kabisa na majengo ya Chuo cha Antioch: miti mirefu, vijito, majabali ya chokaa, na ndani yake ile chemchemi iliyokipa kijiji jina. Maji yake yana chuma, na yakikutana na hewa chuma hicho hushika kutu na kuyapaka mawe rangi ya manjano iliyokolea. Karne ya 19 watu waliamini yanaponya. Wakajengewa hoteli, na reli ilipofika mwaka 1846 wageni wakazidi kumiminika. Hoteli zile zimetoweka. Chemchemi bado inabubujika.

Msitu huo ulitolewa mwaka 1929 na Hugh Taylor Birch, mwanasheria tajiri wa Chicago aliyewahi kusoma Antioch. Miaka michache kabla alikuwa amemzika binti yake Helen, mshairi na mtunzi wa muziki. Mume wa Helen, mchoraji Frederic Clay Bartlett, alikwisha kutoa mkusanyo wa picha kwa Taasisi ya Sanaa ya Chicago kwa kumbukumbu ya mkewe, na katika mkusanyo huo imo ile picha kubwa ya Georges Seurat ya watu wanaopumzika Jumapili kando ya mto, ambayo mpaka leo watu huvuka bahari kuja kuiona. Baba yeye akatoa msitu, akauita kwa jina la mwanawe.

Wapendwa, nimesimama makaburini na wazazi wanaozika watoto wao. Najua jinsi msiba wa namna ile unavyoweza kuifunga nyumba milango na madirisha kwa miaka. Sisemi kwamba mtu aharakishe kulia kwake. Nasema tu kwamba Birch, ambaye angeweza kumjengea binti yake kaburi la marumaru, alichagua mahali ambapo watoto wa watu asiowajua wangekuja kuwinda vyura kwa macho na kujifunza majina ya ndege. Wala hakungoja kufa ndipo atoe. Aliishi hadi mwaka 1943, akiiona zawadi yake ikitumika.

Na zawadi yataka watunzaji. Mwaka 2020 chuo, kilichokuwa kimeelemewa, kilifunga milango ya msitu, na watu wa kijiji na marafiki zao, waliokuwa na chama chao cha kuutunza, wakauchukua mikononi mwao mwaka huo huo ili ufunguliwe tena. Aliyetoa alikwisha kulala zamani. Ilibidi wapatikane wengine wa kutoa mara ya pili.

Jirani na msitu huo iko hifadhi ya John Bryan. Mto Little Miami unapita pale katika korongo refu la mawe lililochimbwa na maji ya barafu kuu iliyoyeyuka mwishoni mwa Enzi ya Barafu, na mahali pengine kuta zake zinakaribiana hata unahisi ungeweza kuruka ng'ambo. (Msijaribu, hasa nyinyi vijana. Jabali lile ni telezi, na watu wamepoteza maisha pale.) Bwana Bryan alikuwa mfanyabiashara aliyenunua ardhi ile mwishoni mwa karne ya 19, na alipofariki mwaka 1918 aliiachia jimbo la Ohio kwa wosia. Lakini aliweka sharti: ibada ya hadhara isifanyike kamwe katika ardhi hiyo. Hakuwa mtu wa dini. Sharti hilo liliwakwaza watawala wa Ohio kwa miaka kadhaa kabla hawajaipokea.

Mimi ni mchungaji, na naitaja habari hii bila kinyongo. Mtu aliyeikataa ibada aliwapa wote, wenye dini na wasio na dini, mahali ambapo maji yanaporomoka na miti inaota kwenye nyufa za mawe. Sijui mtu gani mwenye imani atakayepita njia ile asubuhi ya Aprili, maua meupe ya kwanza yakichungulia kwenye majani yaliyooza, asimshukuru Mungu kimoyomoyo. Wosia hauwezi kulikataza hilo. Nasi tujiulize ni nini Bwana Bryan alikiona kwa watu wa ibada wa zamani zake hata akawafungia mlango. Huenda wapo majirani zetu wanaotuona sisi hivyo hivyo.

Mwisho wa korongo, katika kijiji jirani cha Clifton, kipo kinu cha maji kilichoanza kusaga mwaka 1802. Siku za Krismasi wanakipamba kwa mamilioni ya taa, na foleni ya magari inakuwa ndefu sana. Ni pazuri, nendeni na watoto. Ila mimi kinu kile kinanikumbusha unga, na unga unanikumbusha mtu ninayemtaka tumtafakari hasa juma hili.

Wheeling Gaunt alizaliwa mtumwa mwaka 1812 huko Kentucky, upande wa kusini wa Mto Ohio. Kaskazini ya mto ule utumwa ulikuwa umepigwa marufuku. Kusini mtu aliuzwa kama ng'ombe. Gaunt alifanya vibarua katika saa ambazo bwana wake hakuzidai: aling'arisha viatu vya watu, aliuza matofaa, alibeba alichopewa kubeba. Senti juu ya senti, hata zikatimia dola 900, bei aliyowekewa. Akajinunua. Hakuishia hapo. Akafanya kazi tena akamnunua mkewe Amanda kwa dola 500, na tena akamnunua kijana mmoja aliyeitwa Nick kwa dola 200. Hayo yalikuwa miaka ya 1840. Kwa fedha za wakati ule, dola 900 ni miaka na miaka ya jasho la kibarua, na kwa mtumwa ambaye mchana wake wote ni mali ya mwingine, ni jasho la usiku na la siku za mapumziko.

Miaka ya 1860 Gaunt na Amanda walihamia Yellow Springs. Alinunua viwanja, akajenga, akapangisha, akawa mmoja wa wenye mali kijijini. Alikisaidia Chuo cha Wilberforce, kilicho kilomita chache kusini, ambacho kanisa la A.M.E. (African Methodist Episcopal) lilikinunua mwaka 1863 na kukifanya chuo cha watu weusi kilichoongozwa na watu weusi wenyewe. Na mwaka 1894, mwaka ule aliofariki, alikipa kijiji ekari 9 za shamba kwa sharti moja: kodi ya shamba hilo inunue unga wa kugawiwa wajane maskini wa kijiji.

Baadaye sukari iliongezwa. Shamba nalo likageuka kuwa uwanja wa wananchi: bwawa la kuogelea, viwanja vya besiboli, kilima ambacho watoto huteleza theluji ikianguka. Panaitwa Gaunt Park. Kodi ya shamba haiko tena, lakini kijiji hakikusema deni limekwisha. Kila Desemba wafanyakazi wa kijiji, wale wale wanaoziba mashimo ya barabara na kutengeneza mabomba, hupakia mifuko ya unga na sukari na kuwapelekea wajane nyumbani kwao. Zaidi ya miaka 120 sasa. Kijijini imesimamishwa sanamu yake ya shaba. Nafurahi ipo. Lakini hata isingekuwapo, mwanamke anayegongewa mlango Desemba na kupokea mfuko wa unga anayo kumbukumbu yake.

Nimeutafakari sana unga huo. Kwanza, kwamba mtu huyu alichagua ardhi. Angeweza kuacha fedha. Fedha ingeliwa mwaka wa kwanza, wajane wa mwaka wa pili wasione kitu. Shamba linazaa kila mwaka. Alifikiri kama mkulima anayejua kwamba njaa hairudi mara moja tu. Alimfikiria mjane ambaye siku ile alikuwa bado bibi harusi, na mwingine ambaye alikuwa hajazaliwa.

Halafu, kwamba aliufunga wema wake kwenye hati. Sisi tunawapenda wanaotoa kwa moyo, papo hapo, machozi yakiwatoka. Mungu awabariki. Lakini moyo una siku zake. Siku nyingine umejaa, siku nyingine umekauka kabisa, na mjane anakula kila siku. Gaunt hakuacha wajane wategemee kama kijiji kimeamka vizuri. Aliandika, akaweka sahihi, akaukabidhi uongozi wa kijiji jukumu. Musa aliwafanyia Waisraeli vivyo hivyo katika Kumbukumbu la Torati 24: mganda uliosahauliwa shambani usirudiwe, mizeituni isipukutishwe mara ya pili, zabibu zisichumwe hadi za mwisho, zinazobaki ni za mgeni, yatima na mjane. Ilikuwa sheria. Mjane hakuhitaji kumfurahisha mwenye shamba ndipo ale.

Na unga unakwenda mlangoni. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote. Mjane haji ofisini kujieleza. Maneno ya Gaunt mwenyewe yaliwataja wajane maskini wenye kustahili, na yalikuwa maneno ya kawaida ya karne ile, ambapo kila mtoa sadaka alitaka kwanza kuhakikisha maskini wake ni mwema. Kijiji kimekuja kuwapelekea wajane wake bila kuwachungulia pochi. Ninaamini Gaunt angekubali. Nasi kanisani tuna kamati zetu za huduma, na nimesikia maswali tunayowauliza mama zetu kabla ya kuwapa gunia la mchele: kwa nini mwanao hakusaidii, mbona juzi ulivaa kitenge kipya. Eliya alipofika Sarepta hakumhoji mjane yule. Yeye ndiye alikuwa na njaa, mgeni, mkimbizi anayetafutwa na mfalme, na mwanamke mwenye konzi moja ya unga na mwana wa kulisha ndiye aliyemkatia mkate wa kwanza. Mtungi wa unga haukupungua hata mvua ikanyesha. Katika Biblia mjane si mpokeaji tu, ni mtoaji pia, na anayempelekea unga aende na heshima hiyo.

Kijiji hiki kisipambwe zaidi ya kilivyo. Ni kweli kilikuwa na watu wenye ujasiri. Mwaka 1862, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, mhubiri Moncure Conway, mtoto wa mwenye watumwa wa Virginia, aliwachukua watu kama 30 waliokuwa watumwa wa baba yake mzazi, akawapitisha Baltimore, ambako utumwa ulikuwa bado halali na umati ukawatishia, akawafikisha Yellow Springs kwa treni. Mwaka uliofuata lilianzishwa kijijini kanisa la Kibaptisti ambalo jina lake lenyewe lilitangaza kwamba linapinga utumwa. Mwandishi Virginia Hamilton alizaliwa hapo, mjukuu wa Levi Perry, aliyevushwa Mto Ohio na mama yake akiwa mtoto, wakiukimbia utumwa. Ukoo wake ulirithishana ardhi na ulirithishana hadithi, naye akaziandika, na mwaka 1975 akawa mwandishi wa kwanza mweusi kupata Nishani ya Newbery, tuzo kubwa kabisa ya vitabu vya watoto Marekani. Babu yule hakuacha ghala.

Lakini Coretta Scott, ambaye baadaye aliolewa na Dkt. Martin Luther King, alipokuwa mwanafunzi wa ualimu Antioch mwishoni mwa miaka ya 1940, alikataliwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya umma ya kijiji hicho hicho kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1964 kinyozi mmoja wa kijiji alikuwa bado anakataa kuwanyoa watu weusi. Watu walipoandamana, polisi walitumia gesi ya machozi na mabomba ya maji, na zaidi ya 100 wakakamatwa. Zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita unga wa mtu mweusi ukiingia jikoni mwa wajane wa kizungu kila Desemba. Jambo hilo linaniuma. Mtu anaweza kula unga wa jirani yake maisha yake yote na bado akamfungia mlango mjukuu wa huyo jirani. Kupokea hakumbadilishi mtu peke yake. Tusidhani kwa kuwa tumewapa watu vitu tumewapatanisha.

Na kuna jambo zito zaidi. Nimesema karibu kila kitu kizuri kule kilitolewa na mtu. Lakini kabla ya Birch, kabla ya Bryan, kabla ya Gaunt, walikuwapo Washawnee. Mji wao mkubwa ulikuwa kando ya mto huu huu, mahali paitwapo sasa Oldtown, karibu na Xenia, kilomita chache kutoka kijijini. Waliishi, walilima mahindi, walizika wazee wao. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1830 walikuwa wamehamishwa kutoka Ohio na kupelekwa magharibi. Hakuna aliyewauliza wanamwachia nani. Wala Washawnee hawakuwa wa kwanza. Ndani ya Glen Helen kipo kilima kilichojengwa kwa mikono ya watu waliokaa pale miaka mingi mno kabla yao. Walawi 25 inatufundisha kwamba ardhi ni ya Bwana na sisi sote ni wageni na wapangaji kwake. Yeyote anayeandika hati ya ardhi, hata hati ya wema, aiandike akilijua hilo. Na sisi ambao wengi wetu tulifukuzwa kwenye mashamba yetu tunapaswa kulijua kuliko wengine.

Sasa tuje nyumbani. Katika kusanyiko hili wamo mama waliotoka Kivu, waliotoka Fizi na Uvira, waliotoka Burundi, waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma kabla ya ndege kuwaleta hapa. Wengine walifiwa na waume vitani. Wengine walifiwa kwa maradhi, kijijini kwao, kabla vita havijafika, na kilichowatoa shambani hakikuwa bunduki bali shemeji. Arobaini haijaisha, nyumba inahesabiwa. Sufuria zinahesabiwa. Mama anaambiwa achague kurithiwa au kurudi kwao. Nimewasikia wakilisimulia hilo kwa sauti ya chini, kama aibu ni yao.

Mara nyingi sana marehemu alikuwa mume mwema. Alimpenda mkewe. Hakuandika tu. Tunaogopa kuandika, mtu akitaja wosia mezani, wakubwa wanasema usijichulie. Lakini Mungu alipomtuma Isaya kwa mfalme Hezekia aliyekuwa mgonjwa, agizo la kwanza lilikuwa atengeneze mambo ya nyumba yake, na Hezekia baada ya agizo hilo aliishi miaka 15 zaidi. Kuandika hakumwiti mauti. Wahenga wetu walikwisha kusema mali bila daftari hupotea bila habari, nao hawakuwa na mwanasheria wala mchungaji.

Najua wapo watakaosema, Mchungaji, mimi nina nini cha kuandika? Nina gari la mkopo na vyombo. Ndugu yangu, una watoto. Ukiondoka leo wewe na mwenzako, nani atawalea, na kwa imani gani, na kwa lugha gani? Hilo nalo huandikwa. Una akiba kazini ambayo ulijaza fomu yake siku ya kwanza bila kuelewa, na huenda jina lililoandikwa pale ni la kaka yako kwa kuwa wakati ule ulikuwa hujaoa. Una kiwanja ulichonunua Kigoma au Bujumbura kwa jina la binamu. Mkeo anakijua? Mwambie mkeo. Mwambie jioni hii, kabla ya kulala.

Na ukishaweka vya mkeo na watoto, acha ukingo wa shamba. Gaunt hakuyajengea mali yake ghala la kujivunia. Alitenga ekari 9, akaziacha ukingo mzima kwa watu ambao hakuwazaa. Kidogo chako kiende kwa mjane asiye na mtoto Marekani, au kwa karo ya yatima mmoja kule tulikotoka. Ukiandika, kitafika hata mwaka ambao sisi tutakuwa tumechoka kuchangishana.

Jumapili hii baada ya ibada, chumba cha watoto kitakuwa wazi hadi saa kumi. Atakuwapo wakili anayejitolea, na dada wawili wa kutafsiri, mmoja Kiswahili na mmoja Kirundi. Sheria ya Ohio inataka wosia uwe wa maandishi, utiwe sahihi mwishoni na mwenyewe aliyetimiza miaka 18, mbele ya mashahidi 2. Anayerithi asiwe shahidi. Njooni na majina kamili ya watoto na tarehe zao za kuzaliwa, na fomu za kazini kama mnazo. Waume na wake njooni pamoja. Mama zetu wajane, nyinyi msipange foleni. Wazee wa kanisa watakuja na wakili majumbani kwenu siku ya Jumanne na Jumatano, na atakayependa kufikiwa ampe jina mama mlezi wa umoja wa wanawake.